Namba Iliyotoka Kwenye Damu ya Watu: Mhadhara Juu ya Kipimo cha Wingi wa Virusi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, wauguzi na wataalamu wa maabara mliofika, nanyi ndugu zangu mnaoishi na VVU, ambao niliomba mpewe viti vya mbele:

Nitazungumza juu ya kipimo kimoja tu, kile ambacho kliniki zetu za tiba na matunzo hukiita kipimo cha wingi wa virusi, au HVL kwa kifupi. Kinataja ni nakala ngapi za virusi zimo katika mililita moja ya plazima, yaani yale maji ya damu yanayobaki chembechembe zikishatenganishwa. Wengi wanakijua kama majibu yanayorudi kutoka maabara yakiwa na namba, au yakiwa na neno moja, "havionekani". Nataka kueleza namba hiyo ilipatikanaje na ilipatikana kwa damu ya nani. Nikishaeleza hayo, mtaona kwa nini nashikilia kwamba mwenye haki ya kwanza ya kuijua ni yule aliyetoa damu.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari aliyetaka kujua mgonjwa wake wa VVU anaelekea wapi alihesabu CD4, zile seli nyeupe za kinga ambazo VVU huzishambulia. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi humwandama. Hesabu hiyo ilisaidia, na mpaka leo inasaidia. Ila ilikuwa ikipima hasara iliyokwisha kutokea. Wagonjwa wawili waliweza kukutwa na CD4 600 kila mmoja, halafu mmoja akaishi zaidi ya miaka kumi bila kuugua kwa maana, na mwenzake akazikwa kabla ya mitano kwisha. Daktari hakuwa na namna ya kuwatofautisha mapema. Virusi vyenyewe vilikuwa vigumu kuhesabika: kuviotesha maabara kulichukua wiki, na kipimo cha protini iitwayo p24 hakikuona kitu kwa wagonjwa wengi. Kwa kuwa havikuonekana, wataalamu wengi walidhani kwamba katika ile miaka ya kimya, mtu akiwa ameambukizwa lakini haugui, virusi huwa vimelala.

Njia ya kuvihesabu ilitoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1983 mkemia wa Marekani Kary Mullis alibuni PCR, namna ya kunakili kipande cha DNA mara kwa mara mpaka kiwe kingi cha kutosha kuonekana. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Mizunguko kumi hufanya kipande kimoja kuwa 1,024. Mizunguko thelathini huzidisha bilioni moja. VVU hubeba taarifa zake kwenye RNA, si DNA, kwa hiyo maabara hutumia kwanza kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, ndipo PCR ianze. Hapo kuna ugumu ambao wanafunzi wangu huupita haraka mno. Kujua kwamba kitu kipo na kujua kipo kiasi gani ni kazi mbili. Ukinakili mno, sampuli yenye virusi mia na yenye virusi laki zote zitang'aa sawasawa. Wavumbuzi wakatafuta dawa ya tatizo hilo: wakaweka ndani ya sampuli RNA ya kutengenezwa, ambayo kiasi chake wanakijua, ikapita katika hatua zote pamoja na ile ya mgonjwa, kisha wakalinganisha. Kundi jingine, katika kampuni ya Chiron huko California, lilikwepa kunakili kabisa. Liliacha RNA ya mgonjwa ilivyo, likakuza mwanga wa vile vipande vinavyoinasa. Kipimo hicho kikaitwa bDNA.

Chombo kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni damu ya kukipima, na si damu ya leo tu. Ilitakiwa damu ya watu ambao mwisho wa safari yao ulikwisha kujulikana.

John Mellors, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alikuwa karibu na damu ya namna hiyo. Mwaka 1984, kabla hata kipimo cha kingamwili za VVU hakijaanza kutumika hospitalini, ulianzishwa Marekani utafiti ulioitwa MACS katika miji ya Baltimore, Chicago, Los Angeles na Pittsburgh. Maelfu ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume walikubali kuja kila baada ya miezi sita, wahojiwe, wapimwe, watoe damu. Hawakuahidiwa dawa, maana dawa haikuwapo. Jamii iliwanyooshea kidole, wengine walikataliwa na familia zao, na bado walikuja. Damu yao iligawanywa kwenye vichupa ikawekwa kwenye friza zenye baridi kali, mtu asijue itakuja kuulizwa swali gani. Wengi wao walifariki. Vichupa vikabaki.

Mellors na wenzake walichukua plazima ya wanaume 180 iliyohifadhiwa tangu walipojiunga, wakaipima kwa bDNA, kisha wakalinganisha namba ya mwanzo na yaliyompata kila mmoja katika zaidi ya miaka kumi iliyofuata. Waliwagawa katika mafungu manne kwa wingi wa virusi. Katika fungu la chini kabisa, lenye nakala pungufu ya 4,531 hivi, asilimia 8 waliingia kwenye UKIMWI ndani ya miaka mitano. Fungu la pili walikuwa asilimia 26, la tatu asilimia 49. Fungu la juu, lililozidi nakala 36,270, walikuwa asilimia 62. Hata miongoni mwa wale ambao CD4 zao zilikuwa za kawaida, wale ambao daktari yeyote wa wakati ule angewaambia waende nyumbani wasiwe na wasiwasi, namba ya virusi iliwatenganisha waliokuwa hatarini na wasiokuwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Mei 1996. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha wingi wa VVU kwa matumizi ya hospitali. Mwaka mmoja baadaye Mellors alirudi na plazima ya wanaume 1,604, safari hii akiziweka CD4 na wingi wa virusi pamoja, akaonyesha kwamba vikisomwa vyote viwili daktari hutabiri vizuri kuliko kwa kimoja.

Mwanasayansi John Coffin alilieleza jambo hili kwa mfano ambao sijaona wa kuushinda. Mgonjwa yuko ndani ya treni inayoelekea mahali ambapo reli imekatika. CD4 zinaonyesha umbali uliobaki. Wingi wa virusi unaonyesha mwendo wa treni.

Ile imani ya virusi vilivyolala nayo ilianguka katika kipindi hichohicho. Januari 1995 jarida la Nature lilitoa makala mbili pamoja, moja ya kundi la David Ho wa New York, nyingine ya kundi la George Shaw wa Alabama. Waliwapa wagonjwa dawa mpya zenye nguvu, wakapima wingi wa virusi siku baada ya siku. Namba iliporomoka haraka ajabu, ikapungua kwa nusu kila baada ya siku mbili hivi. Ukiziba kinachoingiza na tangi likakauka kwa kasi hiyo, maana yake kabla hujaziba lilikuwa likijazwa kwa kasi hiyohiyo. Mwaka uliofuata Ho, akishirikiana na mwanahisabati Alan Perelson, alikadiria kwamba mwili wa mgonjwa huzalisha virusi takriban bilioni kumi kila siku. Miaka ya kimya ilikuwa miaka ya vita. Na kitu kinachozaliana kwa wingi huo hujibadilisha upesi, ndiyo sababu dawa moja peke yake ilikuwa ikishindwa kila mara na dawa tatu kwa pamoja zikafaulu.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, na ambalo mihadhara mingi hulitaja kwa sentensi moja. Vipimo vya kwanza vilitengenezwa kwa kuangalia virusi vya Wamarekani na Wazungu. VVU vina aina nyingi, na aina iliyoenea kwao ni B. Afrika Mashariki tuna A, C na D, pamoja na michanganyiko yake. PCR huanza kwa vipande vifupi vinavyotakiwa kushika mahali maalumu kwenye RNA ya kirusi. Herufi chache tu za mahali hapo zikiwa tofauti, kipande hakishiki vizuri na hesabu inatoka pungufu. Toleo la kwanza la kipimo kile kilichoidhinishwa mwaka 1996 lilifanya hivyo hasa: lilizipunja aina zisizo B, aina A ikiwamo. Mgonjwa mwenye virusi tele angeweza kuambiwa anavyo vichache. Ilibidi kitengenezwe toleo jingine, 1.5, ili kurekebisha. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema ili vijana mliopo hapa mjue kwamba mashine haiji na ukweli wa dunia nzima ndani yake. Maabara inayopokea kipimo kipya bila kukijaribu kwa damu ya watu wake haijaanza kazi.

Kulipokuwa na chombo kinachosoma virusi vyetu sawasawa, swali kubwa zaidi likaweza kuulizwa. Je, namba hii inasema pia nani atamwambukiza nani?

Kwa mama na mtoto jibu lilipatikana mwaka 1999. Watafiti wa Marekani walipima damu ya wajawazito 552. Miongoni mwa waliokuwa na nakala chini ya 1,000, ambao walikuwa 57, hakuna hata mtoto mmoja aliyeambukizwa. Miongoni mwa waliozidi nakala 100,000, watoto waliambukizwa kwa asilimia 40.6. Mkunga wa zahanati ya kijijini akikumbuka mafungu hayo mawili tu, ataelewa kwa nini majibu ya mjamzito hayapaswi kukaa mezani hata siku moja zaidi.

Kwa wenzi jibu lilitoka Rakai. Wilaya hiyo ya Uganda imepakana na mkoa wetu wa Kagera, mahali ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania waliripotiwa mwaka 1983. Upande wa Rakai, kwenye mwambao wa ziwa, watu walikuwa wamekwisha kuona ndugu zao wakikonda na kufa, na mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliuandika ugonjwa huo katika jarida la Lancet kwa jina ambalo wanakijiji wenyewe waliupa. Katika miaka ya 1990 Serwadda na Nelson Sewankambo wa Makerere, pamoja na Maria Wawer na Ronald Gray wa Marekani, waliendesha utafiti wa nyumba kwa nyumba juu ya magonjwa ya zinaa. Hapa tena damu iliwekwa kwenye friza. Baadaye Thomas Quinn na kundi hilo walitafuta kwenye rejesta wenzi ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Wakapata jozi 415. Kufikia mwisho wa ufuatiliaji, wenzi 90 walikuwa wameambukizwa. Waliowaambukiza walikuwa na wastani wa nakala 90,254, na wale ambao wenzi wao walibaki salama walikuwa na 38,029. Kila wingi ulipoongezeka mara kumi, hatari ilizidi maradufu. Miongoni mwa watu 51 waliokuwa na nakala chini ya 1,500, hakuna aliyemwambukiza mwenzake.

Jedwali la namba hizo ndilo mzizi wa karibu kila tunachofanya leo. Hata hivyo silionyeshi darasani bila kusema gharama yake. Wakati ule dawa za kufubaza VVU hazikufika Rakai. Watafiti waliwapa watu majibu yao walipoyataka, walitoa ushauri nasaha na kondomu, waliwahimiza waambiane, lakini hawakumwambia mwenzi kwa niaba ya mwenzake. Makala ya Quinn na wenzake ilipotoka Machi 2000, Marcia Angell, mhariri wa jarida lililoichapisha, aliandika katika toleo hilohilo kwamba utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa kufanyika Marekani. Wengine walimjibu kwamba sheria za Uganda zilifuatwa na hakukuwa na dawa iliyofichwa. Nimezisoma hoja za pande zote kwa miaka mingi. Naamini watafiti walifanya kwa nia njema, na naamini vilevile kwamba watu 90 waliambukizwa huku damu yao na ya wenzi wao ikiwa imeandikwa namba. Dawa zilipoanza kutolewa Rakai mwaka 2004, ilikuwa malipo ya deni, haikuwa zawadi.

Kilichofuata kilikuwa kuthibitisha yale ambayo Rakai ilikwisha kudokeza. Kama wingi mdogo wa asili hauambukizi, wingi ulioshushwa kwa dawa je? Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052 ulioongozwa na Myron Cohen, wenye jozi 1,763 katika nchi tisa, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenzi kwa asilimia 96. Utafiti wa PARTNER2 huko Ulaya, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuata wanaume 782 na wenzi wao wa kiume. Walijamiiana bila kondomu zaidi ya mara 76,000, mwenye VVU akiwa na virusi vilivyofubazwa. Hakuna aliyeambukizwa na mwenzi wake. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliandika bila kuzungukazunguka: mwenye VVU anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani hana hatari ya kumwambukiza mwenzi wake kwa ngono, na mwenye nakala zisizozidi 1,000 hatari yake ni ndogo mno, karibu na sifuri.

Ndugu zangu mlioketi mbele, habari hiyo ni yenu. Nimekutana na watu waliomeza dawa kwa miaka mingi, namba zao nzuri, na bado wanalala kitanda tofauti na wenzi wao kwa hofu, kwa sababu hakuna aliyewaketisha akawaeleza kipimo chao kinasema nini.

Lakini kutoonekana si kupona, na hili nalo tulijifunza kwa kipimo. Baada ya ushindi wa dawa tatu kwa pamoja mwaka 1996 wapo waliotumaini kwamba miaka michache ya dawa ingevimaliza virusi mwilini. Robert Siliciano na wengine wakagundua seli za kinga zilizotulia, zenye VVU vilivyojificha ndani, ambazo dawa haiwezi kuzigusa. Mellors aliendelea na kazi. Mwaka 2003 yeye, Sarah Palmer, Coffin na wenzao walitoa kipimo kinachoweza kuona hata nakala moja katika mililita ya plazima, wakati vipimo vya kawaida hukomea hamsini au ishirini. Wakakitumia kwa watu waliokuwa kwenye dawa kwa miaka bila kukosea. Wengi wao virusi vilikuwapo, vichache sana, vikivuja polepole kutoka maficho yao. Ndiyo maana mtu akiacha dawa, kwa kawaida namba hupanda tena ndani ya wiki chache. Anayewaambia wafuasi wake kwamba wameombewa wakapona, kisha akawaonyesha karatasi ya "havionekani" kuwa ushahidi, anawaua.

Nije kwenye kliniki zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa Watanzania watu wazima waliokuwa kwenye dawa, takriban asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ni kazi kubwa ya wauguzi, ya WAVIU washauri (watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao) na ya wagonjwa wenyewe, na inastahili kusemwa kwa sauti. Namba ya kila mgonjwa hupita katika mikono mingi. Damu huchukuliwa kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau. Mrija wenye heparini haufai, kwa kuwa heparini huizuia PCR. Plazima inatakiwa itenganishwe mapema, isiachwe kwenye joto. Pale ambapo maabara iko mbali, matone hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kusafirishwa hivyo. Karatasi hiyo inafaa sana, ila hubeba pia seli zenye DNA ya virusi, kwa hiyo huweza kuzidisha hesabu ndogo. Haifai kutumika kubishania tofauti ya nakala 80 na 300. Na hata kwenye plazima safi, kupanda kutoka 20,000 hadi 30,000 si habari. Wingi unapaswa kubadilika mara tatu hivi ndipo tuseme kuna kilichotokea mwilini.

Namba ikizidi 1,000, mgonjwa hupewa ushauri wa ufuasi wa dawa na kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Utaratibu ni mzuri. Unaharibika mahali pawili. Kwanza, namba ikitumika kama fimbo ya kumgombezea mgonjwa, safari ijayo hatakuja. Huenda hakuwa na nauli, huenda alificha dawa kwa sababu ya mume, huenda virusi vyake vimekuwa sugu. Namba haisemi ni lipi kati ya hayo, inasema tu kwamba ni wakati wa kumuuliza kwa upole. Pili, majibu yakichelewa. Yapo yanayokaa wiki nyingi, yakifika yanaingizwa kwenye faili na kwenye ripoti ya mwezi, na mhusika anaambiwa "uko sawa, endelea na dawa". Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi usafirishaji wa sampuli na upimaji katika nchi nyingi za Afrika ulivyotegemea mfuko mmoja wa mbali. Bajeti ya vitendanishi na ya pikipiki ya kubebea sampuli inapaswa kuwa ya kwetu, mwaka hadi mwaka, kama ya chanjo.

Na kuchelewa si lazima. Huko Durban, Afrika Kusini, utafiti uitwao STREAM uliwagawa wagonjwa 390 makundi mawili. Kundi moja lilipimwa kwa njia ya kawaida, sampuli ikaenda maabara kuu. Kundi jingine lilipimwa palepale kliniki kwa mashine ndogo, na mgonjwa akapewa majibu yake siku hiyohiyo. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki kwenye huduma virusi vikiwa vimefubazwa walikuwa asilimia 75.9 katika kundi la kwanza, na asilimia 89.7 katika la pili. Mashine za aina hiyo zimo tayari katika hospitali zetu nyingi za wilaya, zikipima kifua kikuu. Zinaweza kupima wingi wa virusi pia, kuanzia kwa wajawazito, watoto, na wale ambao namba yao ya mwisho ilizidi 1,000, na kila mmoja wao akaondoka na karatasi yake mkononi, yenye namba yake, baada ya kuelezwa kwa Kiswahili ina maana gani.